Ndege Moja, Mabosi Wawili

Ukikata tiketi ya Delta kutoka Cincinnati kwenda New York, huenda watakaokurusha si watu wa Delta. Ndege ina rangi za Delta, kikombe cha kahawa kina nembo ya Delta, na pesa zako zimeingia Delta. Lakini soma maandishi madogo kwenye tiketi, au yale yaliyo karibu na mlango wa ndege, utakuta jina jingine: Endeavor, SkyWest, Republic. Hao ndio waliomwajiri kapteni na rubani msaidizi, ndio wanaowalipa, na ndio wanaoweza kuwaachisha kazi. United na American nao hufanya vivyo hivyo. Shirika kubwa hupanga ratiba na kuuza viti, kisha hulipa shirika dogo ada kwa kila safari. Ada imeshakubaliwa, kwa hiyo shirika dogo likitaka kubaki na kitu lazima libane matumizi, na kwa miaka mingi kilichokuwa rahisi kubanwa ni mshahara wa rubani.

Mimi si rubani. Napakia na kupakua mizigo katika uwanja huu unaoitwa wa Cincinnati, ingawa kwa kweli uko Hebron, jimbo la Kentucky, ng'ambo ya mto Ohio. Nilitoka Mombasa nikiamini, kama wengi wetu nyumbani, kwamba mtu akishavaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, ameagana na shida. Kufanya kazi chini ya mabawa kumenionyesha mengine. Na tangu mtoto wa dada yangu aanze kutafuta saa za kuruka, nimelifuatilia jambo hili kwa makini sana, kwa sababu sasa limeingia nyumbani.

Kuna usiku mmoja wa Januari nisiousahau. Ndege ilikuwa getini, abiria wameshaketi, mara taa moja ya tahadhari ikawaka na fundi akaitwa. Rubani msaidizi alishuka na tochi kuizunguka ndege tena. Alikuwa kijana, masikio yamemwiva kwa baridi, kidole gumba kimetokeza kwenye glavu iliyochanika. Alimulika magurudumu, akapiga magoti kwenye barafu kutazama tumbo la ndege, akapitisha mkono kwenye ukingo wa bawa kuhakikisha hapajaganda kitu. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima tukimngoja fundi. Nilipomwambia angalau muda huu unalipwa, alitikisa kichwa. Saa ya malipo huanza mlango ukishafungwa na breki zikishaachiwa, na husimama ndege ikishafika geti la upande wa pili. Kukagua ndege, kungoja fundi, kukaa kiwanja cha katikati mchana kutwa kungoja safari ya jioni, vyote hivyo ni kazi isiyohesabiwa kwa kiwango cha saa. Kuna posho ndogo ya kuwa nje ya nyumbani, na kuna idadi ya saa ambazo mwajiri hulipa kila mwezi hata usipozifikisha, mara nyingi karibu 75. Ndiyo maana mtu akikutajia kiwango cha rubani kwa saa, usikizidishe kwa saa 40 za wiki. Utapata hesabu ya uongo.

Marekani yote ilikuja kuijua hesabu hiyo kwa msiba. Tarehe 12 Februari 2009, usiku, ndege ya Colgan Air, safari nambari 3407 kutoka Newark kwenda Buffalo, iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Waliokuwa ndani, watu 49, walikufa wote, na mtu mmoja akafia ndani ya nyumba hiyo. Tiketi zao zilikuwa za Continental, shirika kubwa la wakati huo. Ndege yenyewe ilikuwa Q400, aina ileile ambayo Jambojet ya Kenya huitumia kwenda Kisumu na Malindi. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba chanzo ni namna kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea hewani: aliuvuta usukani nyuma mahali pa kuusukuma mbele.

Ila kwenye vikao vya uchunguzi, Mei mwaka huo, watu walisikia mambo ambayo marubani walikuwa wakiyasema wenyewe kwa wenyewe tu. Rubani msaidizi alikuwa na umri wa miaka 24. Mshahara uliotajwa pale ulikuwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Kampuni baadaye ilitaja kiasi kikubwa zaidi, lakini hata hicho kisingempangishia chumba karibu na Newark, kituo chake cha kazi. Alikuwa akiishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Kufika kazini alisafiri usiku kucha, akidandia ndege za mizigo, na aliwahi kufanya kazi ya pili kwenye duka la kahawa. Wachunguzi hawakusema kwamba umaskini ndio ulioiangusha ndege. Walisema uchovu huenda uliwapunguzia marubani umakini, ila kiasi chake hakikuweza kupimika. Naiheshimu kauli hiyo. Lakini mimi ninayewaona watu wakilala kwenye viti vya chumba cha wafanyakazi saa kumi alfajiri, siwezi kukubali kwamba mshahara na usalama ni mafaili mawili tofauti.

Familia za marehemu hazikurudi nyumbani kulia tu. Zilipiga kambi kwenye ofisi za Bunge kule Washington mpaka sheria ikapita mwaka 2010. Kanuni za mapumziko ya marubani zikaandikwa upya na kuanza kutumika Januari 2014. Na kuanzia Agosti 2013, rubani msaidizi wa ndege za abiria akatakiwa kuwa na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kuruka. Kabla ya hapo saa 250 ziliweza kukuingiza. Aliyetoka jeshini anaruhusiwa na saa 750, aliyesomea urubani chuo kikuu saa 1,000.

Wenye mashirika madogo wamekuwa wakiilalamikia kanuni hiyo tangu siku ya kwanza, na hoja yao moja ni ya kweli: marubani wote wawili wa ile ndege ya Colgan walikuwa na saa nyingi kuliko 1,500. Kwa hiyo kanuni hii isingewazuia. Mimi bado naiunga mkono, na sababu yangu naisema wazi. Saa nyingi humpa kijana ukomavu, sawa, lakini pia zilibadilisha soko. Ghafla haikuwezekana tena kumchukua mtu aliyetoka shule jana na kumlipa dola 20 kwa saa kwa sababu nje wanangoja kumi wengine. Great Lakes, shirika lililokuwa likihudumia miji midogo ya magharibi, lilisimamisha safari zake Machi 2018 likisema limekosa marubani. Republic ilikuwa imeingia mahakama ya ufilisi mwaka 2016 na kutoa sababu hiyohiyo. Mimi nilipozisoma habari hizo nilijiuliza: wamekosa marubani, au wamekosa marubani wa bei ile?

Sasa nije kwenye chama, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu nina mapenzi na vyama vya wafanyakazi lakini mapenzi hayo hayanizuii kuona.

Chama kikubwa cha marubani Amerika Kaskazini ni ALPA, kilichoanzishwa mwaka 1931, wakati marubani wa ndege za barua walikuwa wakifa kama kumbikumbi. Kina wanachama kwenye mashirika makubwa na madogo. Marubani wa Republic wao wako chini ya Teamsters, chama maarufu kwa madereva wa malori. Sheria inayowaongoza wote ni ya reli, ya mwaka 1926, iliyopanuliwa hadi kwenye ndege mwaka 1936. Chini ya sheria hiyo mkataba haufi. Tarehe yake ikipita, unaendelea kutumika huku pande mbili zikijadiliana, na majadiliano yanaweza kuchukua miaka. Huwezi kugoma mpaka bodi ya usuluhishi ya serikali ikuachilie, na ikikuachilia kuna siku 30 za kungoja kwanza. Ndiyo sababu husikii migomo ya marubani Marekani kila mara. Haimaanishi wameridhika.

Mmoja uliofanyika ulikuwa hapahapa kwetu. Comair ilizaliwa Cincinnati, na hadi mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa mashirika madogo yaliyofanikiwa kuliko yote nchini, kiasi kwamba Delta iliinunua. Tarehe 26 Machi 2001 marubani wake, wanachama wa ALPA, waligoma. Walikaa nje siku 89. Ndege zote za Comair zilisimama. Wazee wa hapa kiwanjani wanakumbuka jinsi zilivyopangwa mstari, kimya. Walirudi na mkataba uliokuwa juu ya wenzao wa mashirika madogo mengine, na kwa muda mfupi ikaonekana kwamba njia imepatikana.

Haikupatikana. Delta haikuwa na haja ya kupigana nao tena. Ilikuwa na mashirika mengine madogo ya kuyapa safari. Comair akawa ghali, basi safari zikahamishwa kidogokidogo. Mwaka 2005 Delta na Comair ziliingia mahakama ya ufilisi, marubani wakabanwa upya. Tarehe 29 Septemba 2012 Comair ikafungwa moja kwa moja. Jengo lake la abiria limeshabomolewa. Siku hizi pilikapilika za kiwanja hiki ni za mizigo ya DHL na Amazon. Waliokuwa makapteni wa miaka ishirini walikwenda kuanza upya kwingine, chini kabisa ya orodha.

Orodha hiyo ndiyo kitu ambacho abiria hajui na ambacho rubani hulala nacho. Kila shirika lina orodha ya marubani kwa tarehe ya kuajiriwa. Nafasi yako humo ndiyo inayoamua kituo chako, ndege yako, ratiba yako, lini utakuwa kapteni, kama Krismasi utakuwa nyumbani, na nani aondoke kwanza kazi zikipungua. Inamlinda rubani dhidi ya upendeleo, na hilo ni jema sana; bosi hawezi kumpandisha shemeji yake. Lakini haihamishiki. Ukitoka shirika moja kwenda jingine, hata kama una saa 15,000, unaanza nambari ya mwisho na, kwa kawaida, mshahara wa mwaka wa kwanza. Mwajiri anajua hivyo. Anajua mtu wa miaka kumi na miwili hawezi kuondoka kwa hasira.

Na hapa ndipo kidonda kilipo. Kabla hata ya mgomo, marubani wa Comair walikiomba chama chao kiwaunganishe na wenzao wa Delta katika orodha moja, kwa hoja kwamba mwenye mali ni mmoja. Viongozi wa ALPA walikataa. Baadhi ya marubani wa mashirika madogo wakaenda mahakamani kukishtaki chama ambacho walikuwa wakikilipia ada. Rubani wa Delta na rubani wa Comair walikuwa na kadi ya chama kimoja, walitua kwenye njia moja, walivaa kofia zinazofanana, lakini chama kilikubali kuwahesabu kama watu wa nyumba mbili. Nimejaribu kuwaelewa wale wa mashirika makubwa. Waliogopa kwamba ndege ndogo zingekula kazi zao. Badala ya kuwaingiza wadogo ndani, waliwawekea mipaka kwenye mkataba wao: ndege zinazorushwa na mashirika madogo zisizidi viti 76, zisizidi uzito fulani, zisizidi idadi fulani.

Mipaka hiyo imezaa vituko vya kweli. United iliichukua CRJ700, ndege iliyoundwa kubeba watu wapatao 70, ikang'oa viti mpaka vikabaki 50, ikaipa jina la CRJ550. Nimepakia mizigo kwenye ndege za aina hiyo. Mle ndani sehemu ya mbele ina rafu za mabegi na vitafunio mahali ambapo viti vingekaa. Abiria wanafurahi, nafasi ni kubwa. Lakini kilichoamua umbo la ndege hiyo ni kifungu cha mkataba kati ya marubani wa shirika kubwa na mwajiri wao, na marubani wanaoirusha hawakuwa kwenye meza ile.

Kwa kuwa wadogo waligawanywa, waligombanishwa. Mwaka 2013 marubani wa shirika dogo la PSA walikubali mkataba wa kubana mkanda, shirika lao likaahidiwa ndege mpya za CRJ900. Mwaka 2014 ndugu zao wa American Eagle, ambayo sasa ni Envoy, waliletewa mkataba wa kubana vilevile, wakaukataa kwa kura. Nao wakaanza kuambiwa kwamba ndege zitakwenda kwingine. Kufikia hapo mashirika yote mawili yalikuwa mali ya American. Ni baba mmoja aliyewauliza watoto wake nani atakula kidogo zaidi. Simlaumu rubani wa PSA aliyepiga kura ya ndiyo. Alikuwa na mkopo wa shule wa dola makumi ya maelfu na mtoto nyumbani. Nalaumu mpango ulioifanya njaa yake kuwa silaha dhidi ya mwenzake.

Halafu ikaja korona. Mashirika makubwa yaliwapa marubani wazee fedha za kustaafu mapema, mashirika madogo ya Trans States na Compass na ExpressJet yakasimamisha safari mwaka 2020, na abiria waliporudi hapakuwa na watu wa kutosha. Wakubwa wakaanza kuajiri kwa kasi, na wa kwanza kuchukuliwa walikuwa makapteni wa mashirika madogo. Kiwanjani tulianza kuona safari zinafutwa si kwa ajili ya theluji. Ndege zipo, abiria wapo, kapteni hayupo.

Juni 2022 Envoy na Piedmont, mashirika madogo ya American, zikatangaza kwamba rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza atalipwa dola 90 kwa saa. Sehemu yake ilikuwa nyongeza ya muda, iliyopangwa kwenda hadi Agosti 2024, lakini wengine walifuata haraka ili wasikimbiwe. Soma tena takwimu hiyo ukikumbuka kule tulikotoka. Kwa miaka ishirini marubani hawa waliambiwa kwamba biashara ya ndege ndogo haiwezi kubeba mishahara mikubwa, kwamba faida ni nyembamba, kwamba wakidai zaidi wataua kampuni. Kisha ndani ya wiki chache pesa zikapatikana, bila mgomo na bila majadiliano ya miaka minne. Nilifurahi kwa ajili yao, nikakasirika kwa ajili ya wale wa Comair.

Wasomaji wangu wa Nairobi na Mombasa watasema sisi tumeliona hili. Ni kweli, kwa kiasi. Novemba 2022, miezi mitano tu baadaye, marubani wa Kenya Airways kupitia chama chao cha KALPA waligoma wakidai, pamoja na mengine, mwajiri arudishe mchango wake kwenye mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Abiria walikwama, serikali ikafoka, mahakama ikaamuru warudi kazini, wakarudi baada ya siku chache. Mitandaoni wengi waliwatukana kwa sababu mishahara yao ni mikubwa kuliko ya mwalimu au nesi. Niliumia kusoma yale. Na Jambojet, shirika la bei nafuu la Kenya Airways lililoanza kuruka mwaka 2014, ni kampuni binti kama Envoy ilivyo kwa American. Sisemi mambo yatakwenda kama huku. Nasema marubani wa mama na wa binti wakaribiane mapema, kabla mtu hajawagombanisha.

Mpwa wangu alikulia huku, na sasa anafundisha watu kurusha Cessna kwenye kiwanja kidogo cha Ohio ili asogeze saa zake. Mkopo wake wa mafunzo umepita dola 100,000, na hilo siku hizi ni kawaida. Alipoanza, kila shirika lilikuwa likitupa bonasi za kusaini. Mwaka 2024 mambo yalipoa: mashirika makubwa yalipunguza kuajiri, madogo yakawa na marubani wasaidizi wengi wanaongoja, na walimu wenye saa 1,500 kamili wakakaa bila kuitwa. Wiki jana alinipigia.

"Shikamoo mjomba. SkyWest wakinijibu kwanza, niende?"

SkyWest ndilo kubwa kuliko yote ya aina hii, makao yake St. George, Utah, na linawarushia Delta, United, American na Alaska kwa pamoja. Marubani wake hawana chama cha wafanyakazi. Wana jumuiya ya ndani inayozungumza na kampuni, na ALPA ilipoletwa kwenye kura waliikataa.

"Wanalipa sawa na wenzao, mjomba. Na hawakatwi ada."

Nilimwambia wanalipa sawa kwa sababu wenzao walidai, na kampuni isiyo na chama hulazimika kufuata bei ya soko ambalo vyama vimelipandisha. Nikamwambia pia aache kutazama dola za mwaka wa kwanza. Afikirie siku ambayo amekataa kuruka kwa sababu amechoka, au amekataa ndege kwa sababu hajaridhika na matengenezo, na asubuhi yake meneja amemwita ofisini. Kwenye shirika lenye mkataba wa chama anaingia na mwakilishi, na kuna kurasa zilizoandikwa zinazosema hatua gani zifuatwe na nani atasikiliza rufaa. Aulize kila shirika jambo hilo kwenye usaili, kwa adabu, na aandike jibu.

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama swali hilo halitamkosesha kazi. Nikamwambia shirika linalomnyima mtu kazi kwa swali hilo limeshamjibu.

Ameahidi kuuliza. SkyWest hawajampigia bado, na maombi yake ya Piedmont yameingia kwenye foleni.